Kupatwa kwa Jua Kulikofutwa kwa Wino Mwekundu

Katika sherehe ya kuniaga, msemaji mmoja alisimama akasema kwamba kwa miaka yote niliyofanya kazi, vituo vyetu vya hali ya hewa vya Turkana havijawahi kupeleka Nairobi takwimu hata moja yenye kasoro. Mlipiga makofi. Mimi nilikasirika mpaka soda ikanipalia, nanyi mkadhani ni uzee. Sasa nina nafasi na hakuna wa kunikatiza, basi nawaandikia ninyi vijana mnaobaki na vipimajoto. Habari za vyeo na mishahara zitafuteni kwenye faili. Mimi nitaeleza kazi.

Nilifika Lodwar mwanzoni mwa miaka ya sabini, nikitoka Taita, na sanduku la bati na viatu vya ngozi vilivyopasuka kabla ya mwezi kuisha. Siku ya kwanza nilipewa puto la kupimia upepo. Linajazwa gesi, linaachiliwa, halafu mtu analifuata angani kwa darubini ndogo akiandika limeelekea wapi. Mimi nililiachilia kabla mwenye darubini hajakaa sawa. Likapaa likaenda zake. Mzee Wekesa, aliyekuwa mwangalizi wa zamani kuliko wote pale, alilitazama mpaka likawa nukta, akasema, "Hilo sasa liko Ethiopia, na halina pasi." Hakunikaripia zaidi ya hapo. Mchana kutwa nilitamani anikaripie.

Mzee Wekesa ndiye aliyenifundisha kusoma kipimajoto. Mnacheka, kwamba kipimajoto nani hajui kukisoma. Hamjui. Ukifungua kile kibanda cheupe cha mbao, unabana pumzi, kwa sababu ukihema unasoma joto lako mwenyewe. Unaanza na zile sehemu za kumi za digrii, maana ndizo zinazobadilika upesi, kisha ndipo unasoma digrii nzima. Jicho linakuwa sawasawa na zebaki, si juu wala chini. Ulichokisoma unakiandika pale pale. Usichokisoma unaacha nafasi tupu. "Nafasi tupu si aibu," alikuwa akisema. "Aibu ni kuijaza." Kujaza nafasi tupu tuliita kupika, na mpishi akijulikana hakukaa.

Kakuma kulikuwa na kituo kidogo: kibanda kimoja, kipimamvua kimoja, na msomaji mmoja. Msomaji aliyekuwapo alihamia Lokori kufungua duka, nikatumwa kumfundisha mwingine. Huyo alikuwa Ekai, Mturkana wa umri wangu, mrefu, aliyekuwa amesoma madarasa machache kwa wamisionari na kurudi kwenye mifugo. Nilimfundisha siku nne. Siku ya tatu akanisahihisha.

"Mwalimu, wewe unainama vibaya," akaniambia. "Jicho yako iko juu. Unaona kidogo kuliko ile iko."

Nilikataa, tukapimana kwa kamba, nikaonekana mjinga. Yeye kwa urefu wake asingeweza kuinama akatulia, kwa hiyo alitandika kipande cha ngozi ya mbuzi chini ya kibanda, akapiga magoti, na jicho lake likakaa mahali pake kila mara. Mkuu wetu wa kituo alipomwona hivyo alicheka, akasema Mturkana anakiabudu kipimajoto. Sijawahi kumwona msomaji safi kuliko Ekai, wala kabla yake wala baada yake. Lazima nilitangulize hilo kwa sababu ya yatakayofuata.

Mkuu wa kituo simtaji jina. Sisi tulimwita Bwana Kanuni, mbali na masikio yake. Hakuwa mlevi, hakuwa mwizi, saa mbili kamili alikuwa mezani amenyoa ndevu. Laiti angekuwa mlevi! Mlevi angelala siku ile, na mambo yangepita salama. Alikuwa na kitabu cha kanuni na kalamu ya wino mwekundu, na kila fomu iliyotoka vituo vidogo ilipita chini ya hivyo viwili kabla ya kugongwa muhuri.

Mwaka wa sabini na tatu habari zikafika kwamba katikati ya mwaka jua litapatwa, na giza litapita juu yetu sisi, Kakuma, Lodwar, mpaka ng'ambo ya ziwa. Wageni wakaanza kumiminika na malori. Mmoja wao hakuwa mgeni sana. Alikuwa Daktari Mwadime, mhadhiri wa fizikia, mtu wa kwetu Taita, mwembamba, anayeongea huku akichora mchangani. Alikuja na darubini mbili zilizofungwa ubavu kwa ubavu, moja ina kioo chekundu, nyingine ina kioo cha bluu. Akazisimamisha Kakuma, hatua hamsini kutoka kibanda cha Ekai.

Nilimuuliza anatafuta nini. Jioni hiyo alitueleza mimi na Ekai, na nitajaribu kulirudia vile nilivyolielewa. Uzito wa jua hupinda nafasi iliyo karibu nalo, na mwanga wa nyota ukipita hapo nao hupinda. Wakati jua limezibwa, unaweza kupiga picha nyota zilizo kando yake na kupima zimesogea kiasi gani. Hilo, alisema, limekwisha pimwa zamani na wakubwa.

"Lakini mwanga unasafiri kwa chembe," akaendelea. "Na utupu hauko mtupu kama tunavyofikiri. Chembe ya mwanga ikiwa njiani, kwa muda usioweza hata kuutaja, inajigawa kuwa mbili, halafu zinaungana tena. Ikiwa moja haina upana. Zikiwa mbili, zina upana. Na kitu chenye upana kikipita mahali palipopinda, upande mmoja unavutwa kuliko mwingine."

Ekai alifikiri, akasema, "Kama punda iko na mzigo pande mbili. Ikipita kando ya mlima, mzigo ya chini inavuta."

Daktari aliacha kuchora mchangani. "Ndiyo," akasema. "Wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu hawajanipa mfano kama huo."

Alitueleza pia kwamba kwa hesabu yake mvuto huo ni mdogo mno, hakuna darubini ya kuuona. Alitarajia nyekundu na bluu zipinde sawasawa kabisa. Lakini kama zingetofautiana, hata kwa unywele, basi utupu ungekuwa na jambo ambalo hakuna aliyelijua duniani. Kwa hilo yuko tayari kula vumbi la Kakuma mwezi mzima, akasema.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo kazi yetu inapoingia. Hewa nayo hupinda mwanga, na huipinda bluu zaidi ya nyekundu. Kiasi gani, inategemea joto la hewa. Usipojua joto la dakika ile ile, huwezi kutenganisha kazi ya hewa na kazi ya jua. Daktari alikuwa na kipimajoto chake cha umeme, lakini vumbi lilikiingia kikafa siku mbili kabla. Ndipo akamwomba Ekai asome chetu kila baada ya dakika tano, tangu saa tisa hadi saa kumi na mbili. Na akaomba nakala rasmi, yenye muhuri, kwa sababu jarida la wanasayansi lisingekubali karatasi ya mtu binafsi.

Siku yenyewe mimi nilikuwa zamu Lodwar. Tangu asubuhi upepo wa vumbi, tukasema basi tena, kisha alasiri ukatulia. Baada ya saa kumi giza likaja kutoka magharibi kama mtu anayetembea. Mbuzi walianza kurudi bomani. Wanawake waliokuwa mtoni walipiga kelele, wengine wakaimba. Na baridi ikaja, baridi ambayo Lodwar ya alasiri haijawahi kuiona, mwenye hoteli akajifunika shuka la mteja. Dakika chache, jua likarudi.

Kwa utaratibu, Lodwar tulisoma saa tisa na tena saa kumi na mbili. Kupatwa kukaangukia katikati. Mashine yetu ya kuchora joto ilikuwa imepelekwa kutengenezwa, ikakaa huko kama mtoto aliyepelekwa kwa nyanya. Kwa hiyo katika wilaya nzima, joto la dakika zile lilikuwa kwenye karatasi moja tu, ya Ekai.

Karatasi ilifika kwa lori siku iliyofuata. Nilikuwapo ilipofunguliwa. Mistari thelathini na saba, mwandiko wa kuchonga, hakuna hata mmoja uliofutwa. Joto lilianza kushuka polepole, kisha likaporomoka digrii saba, kisha likapanda tena. Nilifurahi nikamwita Mzee Wekesa aje aone. Bwana Kanuni akaichukua, akavaa miwani, akafungua kitabu.

"Haya hayawezekani," akasema.

Kanuni ilisema hivi: usomaji ukiachana na ule uliotangulia kupita kiasi fulani, ni kosa la msomaji, ukatwe kwa wino mwekundu, na mahali pake iwekwe hesabu ya katikati, kutoka usomaji mzuri uliotangulia hadi usomaji mzuri unaofuata. Ni kanuni nzuri kwa siku ambazo jua halijafichwa.

"Bwana, jua lilipatwa," nikasema.

"Jua lilipatwa. Kanuni haikupatwa. Huyu mtu aliogopa giza akajificha chini ya lori la wazungu, halafu akapika."

"Hata hapa kulikuwa na baridi, Bwana," Mzee Wekesa akasema.

"Baridi ya hapa imeandikwa wapi?"

Haikuwa imeandikwa popote. Akanisukumia karatasi na ile kalamu. Nami, vijana wangu, niliishika. Nimeandika kurasa nyingi nikimsema Bwana Kanuni, nikazichana, kwa sababu kalamu ilikuwa mkononi mwangu mimi. Nilikata mistari ishirini na mmoja. Juu yake nikaandika namba nilizozitengeneza kwa kugawanya, zikashuka kwa mpango mzuri kutoka saa tisa hadi jioni, kama siku yoyote ya Kakuma. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, niliogopa kuhamishwa, na hiyo si sababu. Mzee Wekesa alitoka nje. Muhuri ukagongwa. Tulikuwa tumepika, kwa amri na kwa kitabu, na aliyeitwa mpishi ni yule peke yake ambaye hakupika.

Barua ya kumwachisha Ekai kazi ilimfikia kabla ya wiki mbili. Iliandikwa kwamba ametunga takwimu. Sikuipeleka mimi, nilimpa dereva. Niliambiwa aliisoma, akafunga kibanda, akamrudishia dereva ufunguo, akachukua kile kipande cha ngozi akaenda kwao Lopur. Mtu aliyenifundisha mimi kusimama mbele ya kipimajoto alifukuzwa kwa kosa la kukisoma.

Daktari Mwadime alirudi baada ya nusu mwaka kupiga picha nyota zile zile bila jua, akaenda zake kufanya hesabu. Ikachukua muda. Kisha ikaja barua ya furaha: nyekundu na bluu zimetofautiana. Tofauti ndogo, lakini ipo, kubwa kuliko hesabu yoyote ilivyoruhusu. Alialikwa ng'ambo kuzungumza. Bwana Kanuni aliibandika barua ile ukutani, akatununulia soda. Mimi ile soda sikuinywa. Nilianza kuelewa. Bluu haikuwa imepindwa na utupu wowote. Ilipindwa na hewa, na joto la hewa lilikuwa langu, la kutunga.

Mngetarajia kwamba nilisema siku hiyo. Sikusema. Nilikaa nalo zaidi ya mwaka, nikijiambia kwamba wasomi watagundua wenyewe. Na waligundua. Wengine waliokuwa wamepima siku ile ile mahali pengine hawakuona tofauti yoyote, wakaandika hivyo, na hawakuandika kwa upole. Daktari akashuka Lodwar siku moja kwa lori la mahindi, amekonda zaidi, akaomba kuona karatasi ya asili.

Bwana Kanuni alimkaribisha kiti. "Tatizo lilikuwa yule msomaji wa Kakuma," akamwambia. "Hakusoma sana. Lakini usihofu, tulikwisha msahihisha, na tulikwisha mfukuza."

Hapo ndipo uvumilivu uliniishia. Nilikwenda kabatini bila ruhusa, nikatoa karatasi, nikaiweka mezani mbele ya Daktari. Chini ya wino mwekundu namba za Ekai zilisomeka zote.

"Hizi za chini ni za Ekai," nikasema. "Za juu ni zangu. Zangu ni uongo."

Bwana Kanuni alisimama akafoka, sikumbuki maneno. Daktari aliomba penseli. Alikaa kwenye meza yangu siku mbili na kitabu chake cha majedwali, akihesabu upya mstari kwa mstari, na mchana wa siku ya pili akaweka penseli chini.

"Imekwisha," akasema. "Nyekundu na bluu ni sawasawa. Hakuna kitu."

Nilimwambia pole. Akanigeukia kwa hasira ambayo nilistahili, lakini hakunikasirikia mimi.

"Unajua kinachoniuma? Mimi nilikuwa pale. Nywele za mikono zilinisimama kwa baridi, nikamwambia mwenzangu anifunge shati. Halafu nikafika mezani, nikaona karatasi yenye muhuri inasema joto lilikuwa la kawaida, nikaiamini. Ngozi yangu mwenyewe sikuiamini."

Aliandika masahihisho kwenye jarida, na alinitumia nakala. Aliishukuru ofisi yetu kwa ushirikiano. Ofisi yetu! Jina la Ekai halikuwapo. Nilimwandikia kumuuliza, akajibu kwamba alikuwa ameliweka, wahariri wakaliondoa kwa kuwa hakuwa na cheo chochote kazini wakati ule. Hakuwa na cheo kwa sababu tulimfukuza, na tulimfukuza kwa sababu alikuwa sahihi. Hilo nalo lilipita chini ya macho ya watu wenye digrii, na hakuna aliyeona haya.

Mimi nikaandika Nairobi. Niliandika mara ya kwanza, kimya. Mara ya pili wakauliza kwa nini barua haikupitia kwa mkuu wa kituo. Mara ya tatu nikaambatanisha nakala ya jarida, na Mzee Wekesa akatia sahihi pamoja nami, ingawa alibakiza mwaka mmoja tu kustaafu na hakuhitaji matata. Jibu likaja lina sehemu mbili. Kwanza, takwimu za siku ile zimekwisha hakikiwa na kupigwa muhuri, kwa hiyo haziwezi kubadilishwa. Kwa hivyo hadi leo, vijana wangu, mkifungua daftari rasmi la siku ambayo mchana uligeuka usiku, mtakuta alasiri njema ya kawaida, kwa mwandiko wangu. Pili, aliyekuwa msomaji wa Kakuma amesamehewa kosa lake, na anaweza kurudi kazini.

Amesamehewa! Niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa.

Safari hii sikumpa dereva. Nilipanda lori hadi Kakuma, nikatembea Lopur kwa miguu, nikauliza njia kwa kila niliyekutana naye. Nilimkuta Ekai kisimani akinywesha ngamia, na ndugu zake wawili. Alinitambua kwa mbali lakini hakuacha kuteka maji mpaka ngamia wa mwisho alipoinua kichwa.

"Ejok," nikamsalimu kwa Kiturkana.

"Ejok, Mwalimu."

Nikampa barua. Aliisoma polepole, kidole kikifuata mistari, kisha akarudi juu akatafuta neno moja.

"Hapa wanasema nimesamehewa. Nimesamehewa nini?"

Nilimweleza yote, ya kalamu nyekundu mkononi mwangu, ya Daktari, ya rangi mbili, ya hesabu iliyorudiwa kwa namba zake ikatoka sawa. Nilimwambia alikuwa na haki tangu mwanzo. Alinisikiliza bila kuonyesha kwamba hilo ni habari kwake.

"Ile punda haikuyumba, basi," akasema.

"Haikuyumba."

"Na ile siku wewe ulikuwa Lodwar?"

"Nilikuwa Lodwar."

"Baridi ilifika huko?"

"Ilifika."

"Wewe mwenyewe ulisikia?"

"Nilisikia, Ekai."

Alikunja barua mara mbili, akaitia kwenye mkunjo wa shuka lake.

"Hii kazi naipenda," akasema. "Nitarudi. Lakini karatasi yangu, wewe usishike."

Alirudi Kakuma kabla ya mwezi kwisha, na alisoma kipimajoto kile kwa miaka kumi na moja, amepiga magoti. Kila mwezi fomu yake ilifika Lodwar, mezani pangu, na kila mwezi nilimpa mwenzangu aikague.